MAONI: NANI ATAANDIKA HABARI ZETU?



Tukisikia kijana anasomea udaktari wa historia au wa lugha, wengi wetu tunacheka. Daktari gani huyo asiyejua kutibu malaria? Akiomba fedha za serikali, tunaona anataka kula kodi yetu bure. Hapa Nakaloke, ambapo Chuo Kikuu cha Kiislamu kimekuwa jirani yetu pale Nkoma tangu mwaka 1988, maneno hayo tunayasikia sana. Mimi nasema jambo hili linatuhusu sisi wa viwandani na mashambani.

Tazameni habari zetu zimeandikwa na nani. Jinja ilipogeuka mji wa viwanda, wakati bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, waliochunguza mji huo walikuwa Cyril na Rhona Sofer, na kitabu chao kikatoka mwaka 1955. Walter Elkan aliandika juu ya wafanyakazi wa mijini Uganda mwaka 1960. Mapambano ya wakulima wa kahawa wa Bugisu yaliandikwa na Mmarekani, Stephen Bunker, mwaka 1987. Sisemi waliandika vibaya. Walifanya kazi, nasi tunawashukuru. Lakini walikuwa na wa kuwalipia. Kijana wa Mbale, mtoto wa mama mchuma kahawa, anayeweza kuongea Kigisu na wazee bila mkalimani, hana. Na wazee waliofanya kazi Nyanza Textiles, au katika miwa ya Kakira kabla ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, wanakwisha. Mishahara waliyolipwa, manyapara waliowasimamia, migomo waliyogoma, yote wanakwenda nayo kaburini.

Kazi ya namna hiyo hula miaka mitatu hadi mitano. Ina karo, nauli, chakula na kodi ya nyumba. Wengi husoma huku wakifundisha vipindi hapa na pale kwa malipo ya kutwa, na wengine huacha katikati. Kibarua ni kibarua, hata akivaa tai.

Serikali yetu imeegemea upande mmoja. Mikopo ya wanafunzi chini ya sheria ya mwaka 2014 ilielekezwa kwa sayansi, tena kwa shahada ya kwanza na diploma. Mwaka 2022 mwalimu wa sayansi mwenye shahada alipandishiwa mshahara hadi shilingi milioni 4, mwenzake wa sanaa akaachwa, na walimu wakagoma mwezi Juni. Makerere, taasisi ya utafiti wa jamii ilianzisha masomo ya udaktari ya miaka mitano mwaka 2012, lakini ilitegemea sana mashirika ya nje. Na mwenye fedha ndiye huchagua swali la kuulizwa.

Sayansi siikatai. Mashine ikikwama tunamtaka fundi. Lakini fundi hatatuambia kwa nini mashine hiyo ilimtajirisha mmoja na kuwaacha mia walivyokuwa.

Wengine watasema hospitali hazina dawa. Kweli. Lakini hatuombi maelfu ya nafasi, tunaomba chache kila mwaka. Wabunge watano wa wafanyakazi walipeleke jambo hili Bungeni wakati wa bajeti. Nasi matawini tuwafungulie vijana hao makabati ya kumbukumbu zetu, kwa sharti moja: kitabu kikiisha, nakala irudi tawini, na habari zake zisomwe mkutanoni kwa lugha tunayoielewa.

Mwanachama, Nakaloke