Moshi Huu Tunaupika Wenyewe

Ndugu wavuvi, akina mama wauza samaki, wazee wetu wa kisiwa cha Remba, tumerogwa na nani? Mungu alimpulizia Adamu pumzi ya uhai, na hilo Mkristo na Mwislamu hawabishani. Pumzi hiyo leo tunaijaza masizi kwa mikono yetu. Chumba ni kimoja, cha mabati, mlango umefungwa kwa upepo wa ziwa. Jiko la kuni limo ndani, koroboi inafuka, mtoto yuko mgongoni. Ukimwonya mwenye nyumba atakujibu kwamba nyanya yake alipikia moshini hadi akazeeka. Mdharau mwiba mguu huota tende!

Vumbi kubwa hunaswa puani likatoka na kamasi. Hatari imo katika chembe ndogo mno za moshi, ambazo upana wake haufiki hata sehemu ya ishirini ya unywele. Hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa ndani ya mapafu, nyingine zikaingia damuni. Ndizo zinazouumiza moyo na kuleta kiharusi, zinazompa mtoto nimonia na kumfanya mjamzito azae kichanga chenye uzito mdogo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wala msiniambie hizo ni hadithi za ng'ambo. Kule Laikipia, watafiti Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55, wakapima moshi wa jikoni na kuandika nani kaugua. Matokeo waliyochapisha mwaka 2001 hayana utata: aliyevuta moshi zaidi ndiye aliyeandamwa zaidi na maradhi ya njia ya hewa, na waliovuta zaidi ni wanawake, walinzi wa moto. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likashauri mafuta ya taa yasitumiwe majumbani. Na hao wa ng'ambo nao walilia: Desemba 1952 moshi wa makaa ya mawe uliifunika London siku tano, maelfu wakafa, na mwaka 1956 wakatunga sheria ya hewa safi. Sisi tunangoja jeneza la ngapi?

Nyinyi si wajinga. Mtu anayesoma mawingu usiku wa giza, akajua lini atoe mashua na lini airudishe, hashindwi kuelewa jambo hili. Akina mama wanaosomesha watoto kwa omena wana akili kuliko wengi wanaovaa tai. Ila sikio la kufa halisikii dawa.

Na hapa sitanyamaza, hata mkinichukia. Fedha ya mbuta mwanamume anaipokea ufuoni asubuhi, jioni imeishia kwenye chupa. Kisha mwanamume huyo huyo anasema hana ya kununua jiko linalobana kuni! Mke anakohoa, yeye anaagiza nyingine. Baba wa namna hiyo anaombaje baraka Jumapili?

Kamati ya usimamizi wa ufuo (BMU), mna sauti hapa. Hamisheni tanuri za kubanika samaki zitoke milangoni mwa watu, muwawekee akina mama dohani. Pigeni marufuku kuchoma plastiki na nyavu chakavu katikati ya nyumba. Na wewe baba, leo kabla ya kwenda ziwani, toboa dirisha kwenye hayo mabati, au utoe jiko nje.