Gari la Umeme Likikataa Kuwaka: Kosa Li Wapi?

Gari la umeme si hadithi ya nchi za mbali tena. Mwezi Januari 2024 Ethiopia ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa magari yanayotumia petroli na dizeli. Rwanda nayo, tangu Januari 2025, haiandikishi mjini Kigali pikipiki mpya za kubeba abiria isipokuwa zile za umeme. Hapa Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilionyesha gari la Kiira EV mwaka 2011, na baadaye mabasi ya Kayoola ya umeme yalijengwa katika viwanda vya jeshi huko Nakasongola. Kwa hiyo askari hawezi kusema kwamba jambo hili halimhusu.

Mazungumzo mengi kuhusu magari haya huhusu bei yake, vituo vya kuchajia na umbali yanaoweza kwenda. Hayo ni muhimu. Lakini kwa mlinzi wa taifa lipo swali linalotangulia yote: je, amri ikitolewa usiku wa manane, gari litawaka? Yafaa ieleweke kwamba gari la umeme hukataa kuondoka mara nyingi si kwa sababu mota yake imekufa, bali kwa sababu halikumtambua mwenye ufunguo, au halikupata nguvu ya kumtambua.

Ufunguo wa kisasa ni redio ndogo. Dereva anapobonyeza kitufe cha kuwasha, antena zilizo ndani ya gari hutoa mwito wa masafa ya chini unaofika hatua chache tu. Ufunguo husikia mwito huo na kujibu kwa namba ya siri. Kompyuta ya gari ikikubali jibu, huruhusu swichi kubwa zifunge na kuunganisha betri kuu, ambayo katika magari mengi hupita volti 300. Kazi hii ni sawa na ile ya zamu ya lango: mlinzi huuliza, mgeni hutaja neno la siri, ndipo kizuizi kinapoinuliwa. Neno lisiposikika, hata jenerali hapiti.

Sasa, kosa litafutwe kwa utaratibu. Jambo la kwanza ni kutazama dashibodi. Ikiwa ni giza tupu, au taa zinawaka kwa unyonge na kupepesa, usilaumu ufunguo. Hapo mshukiwa wa kwanza ni betri ndogo ya volti 12. Madereva wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri hiyo pia, na kwamba ndiyo inayolisha kompyuta, taa na zile swichi kubwa. Betri kuu yaweza kuwa imejaa kabisa, na gari likashindwa kuondoka kwa sababu hii ndogo imeisha. Ikipimwa ikiwa imetulia, betri nzima ya aina ya risasi na asidi huonyesha kiasi cha volti 12.6, ikiwa chini ya volti 12, inahitaji kuchajiwa au kubadilishwa. Milango isipofunguka, tumia ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya ule wa redio.

Jambo la pili: dashibodi inawaka vizuri lakini inaonya kwamba ufunguo haupo. Hapo jaribu ufunguo wa akiba. Ukifanya kazi, kosa liko katika ule wa kwanza, na mara nyingi ni betri yake ya umbo la sarafu, yenye volti 3. Kama hakuna wa akiba, usikate tamaa. Katika magari mengi, kama vile Nissan Leaf, ufunguo uliokufa hutambuliwa ukigusishwa kwenye kitufe cha kuwashia huku breki imekanyagwa, kwa kuwa ndani yake mna chipu isiyohitaji betri. Funguo zote mbili zikishindwa, angalia mazingira. Simu iliyolala pamoja na ufunguo, au mtambo wa redio wenye nguvu ulio karibu, huweza kuzima mazungumzo hayo. Katika kambi zetu zenye redio nyingi, hili lisidharauliwe.

Jambo la tatu: ufunguo umetambuliwa, lakini gari haliko tayari. Je, waya wa kuchajia umechomolewa? Gia iko mahali pa kuegesha? Breki imekanyagwa sawasawa, na taa za breki zinawaka nyuma? Swichi ya breki ikiharibika, kompyuta haijui kwamba dereva amekanyaga. Tena ikumbukwe kwamba gari hili halingurumi. Alama ya utayari ndiyo ishara pekee. Yote haya yakiwa sawa na gari bado limegoma, mwite fundi aliyesomea kazi hiyo. Nyaya za rangi ya machungwa zisiguswe, kwa maana zaweza kuua.

Kwa ndugu zetu polisi lipo la ziada. Mwito wa ufunguo waweza kuibwa. Wezi wawili wenye vyombo vya kurefusha mawimbi, mmoja akisimama karibu na nyumba na mwingine karibu na gari, hulidanganya gari liamini kwamba ufunguo upo. Wizi huu umesumbua sana Ulaya, hata serikali ya Uingereza ikatangaza mwaka 2025 nia ya kupiga marufuku vyombo hivyo. Kwa hiyo, mwenye gari akisema limeibwa bila kioo kuvunjwa, asichukuliwe mara moja kuwa mwongo. Na kwa kila dereva wa serikali, kuweka ufunguo ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko usiku ni ulinzi wa bei nafuu.

Hapana shaka zamani dereva aliyeshindwa kuwasha lori alisukumwa na wenzake, likawaka. Gari la umeme haliwashwi kwa kusukumwa. Huwashwa kwa maarifa. Ni wajibu wa makamanda kuhakikisha kwamba ufunguo wa akiba upo na betri ndogo hupimwa kwa ratiba. Na siku gari litakapokataa kuondoka, dereva asituhumiwe hujuma kabla volti 12 hazijapimwa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.