Bustani za ughaibuni na mashamba ya Arua: nani huamua kipandwe nini?

Katika miji mingi ya Australia, Ulaya na Marekani, bustani za jamii zimekuwa mahali ambapo Waafrika Mashariki waliohamia huko hupanda tena mchicha, kunde na mahindi meupe. Wazo la kuziunganisha bustani hizo na familia za wakulima barani Afrika kwa njia ya michango ya hisani si geni, lakini limepata uzito mpya tangu serikali za nchi tajiri zilipoanza kupunguza misaada. Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje mwezi Januari 2025 na kulifunga shirika la USAID mwezi Julai mwaka huohuo. Uingereza nayo ilitangaza kuwa itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Uchambuzi huu unalipima wazo hilo katika eneo la West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, kuanzia Ombaci karibu na jiji la Arua hadi Koboko, penye mpaka wa Sudan Kusini na Kongo.

Mfano ulio jirani na wasikilizaji wetu wa Australia uko Mildura, katika jimbo la Victoria. Huko ushirika wa Food Next Door uliwakutanisha wakulima waliotoka Burundi na ardhi iliyokuwa haitumiki, nao wakalima mahindi meupe waliyoyakosa madukani. Watu hawa hawakuhitaji kufundishwa kilimo, kwa kuwa walikuja nacho. Mchangiaji wa namna hiyo aghalabu huuliza maswali ambayo ofisi ya misaada huyasahau: mvua imeanza lini, mbegu imetoka wapi, na nani atapalilia.

Historia ya kuunganisha bustani na bustani, au zizi na zizi, ina mafunzo yake. Mwaka 1988 wafugaji wa Uingereza, waliokuwa wamewekewa ukomo wa kuuza maziwa barani Ulaya, walianza kupeleka mitamba Uganda kupitia shirika la Send a Cow. Baadaye, ugonjwa wa ng'ombe ulipoikumba Uingereza katika miaka ya 1990, usafirishaji ulikoma na mifugo ikaanza kununuliwa Afrika kwenyewe. Kilichoonekana kuwa mkosi kilikuwa na faida, kwa sababu fedha zilibaki katika masoko ya wenyeji. Shirika hilo, ambalo tangu 2022 linaitwa Ripple Effect, likatilia mkazo zaidi udongo, mboji na bustani za duara zilizoinuliwa, zenye kikapu cha mboji katikati. Vuguvugu la Slow Food la Italia lilianza mwaka 2010 kutafuta wafadhili wa bustani 1,000 barani Afrika, kisha likapandisha lengo hadi 10,000. Mchango wa bustani moja uliwekwa kuwa euro 900. Mwaka 2022 Mganda Edward Mukiibi, aliyeanzia kwenye bustani za shule nchini mwake, akawa rais wa vuguvugu hilo duniani. Si jambo dogo kwamba aliyekuwa upande wa kupokea alifika kwenye kiti cha kuamua.

Tuje sasa Ombaci. Nchini Uganda jina hilo huambatana na tarehe 24 Juni 1981, siku ambayo wanajeshi wa serikali ya wakati huo waliwaua makumi ya raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki. Watu wengi wa West Nile walivuka mipaka na kuingia Zaire na Sudan, wakaishi ukimbizini kwa miaka. Leo mkondo umegeuka: Wasudan Kusini wanaishi Rhino Camp, Imvepi na Bidi Bidi, na Wakongo katika makazi madogo ya Lobule, wilayani Koboko. Kiswahili, kilichobaki huko kwa kazi ya jeshi, Wanubi na biashara ya mpakani, bado kinasikika sokoni. Kwa hiyo mkulima wa Koboko na mwanachama wa bustani ya Melbourne wanaweza kuzungumza kwa simu bila mkalimani, jambo ambalo miradi mingi ya hisani hulikosa na hata halitafuti.

Hapa ndipo hesabu inapohitajika. Uganda husifiwa kwa kuwapa wakimbizi ardhi. Katika makazi ya Bidi Bidi, yaliyofunguliwa mwaka 2016, kipande kilichopangwa kwa familia kilikuwa mita 30 kwa 30, yaani mita za mraba 900, pamoja na nyumba, choo na uwanja. Tuseme nusu yake inalimwa mahindi, na tukadirie kwa ukarimu mavuno ya tani 2 kwa hekta. Familia itavuna kilo 90. Mgawo kamili wa nafaka, kabla ya kukatwa kwa nusu mwaka 2017, ulikuwa kilo 12 kwa mtu kwa mwezi. Familia ya watu watano ingeyala mavuno yote kwa mwezi mmoja na nusu.

Mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilikata msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni 1 nchini Uganda kwa kukosa fedha. Anayesema kwamba bustani zitaziba pengo hilo hajapima ardhi. Bustani ndogo huleta mboga za majani, bamia, nyanya na fedha kidogo za chumvi na sabuni. Hayo ni mengi kwa mama anayelea, lakini ugali wenyewe utatoka kwenye mgawo, au kwenye shamba la kukodi kwa mwenyeji.

Mwenyeji naye ana shida zake. Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020, na pembezoni mwake mashamba ya ukoo, yanayomilikiwa kimila, yanageuka viwanja vya nyumba. Muhogo, chakula kikuu, umeandamwa na magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia. Watafiti wa Uganda wametoa aina zinazostahimili, zikiwamo NASE 14 na NAROCASS 1, na kituo cha utafiti cha Abi kiko huko huko Arua. Pingili safi za muhogo kutoka karibu zina thamani kuliko pakiti za mbegu kutoka ng'ambo, ambazo hata hivyo haziruhusiwi kuvuka mpaka bila cheti cha afya ya mimea. Serikali ya Uganda pia huyataka mashirika yanayohudumia wakimbizi kutenga asilimia 30 ya manufaa kwa wenyeji. Mradi unaowasahau Ombaci na kuhesabu makazi pekee hupanda ugomvi wa kuni na mipaka.

Kwa wanaotaka kuchangia kutoka Australia, kuna kanuni zinazowalinda. Tangu Julai 2019, mashirika ya hisani yaliyosajiliwa na tume ya ACNC yanayofanya kazi nje ya nchi yanatakiwa kuchukua hatua za kuhakikisha fedha zinatumika ipasavyo huko, na kutunza kumbukumbu zake. Msikilizaji ana haki ya kuuliza kumbukumbu hizo, na aongeze swali moja ambalo kanuni haiuliza: je, familia yenyewe ilichagua zao, au ililetewa orodha?

Swali la mwisho ni la kalenda. Waaustralia wengi hutoa sadaka kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa kodi unapofungwa. Wakati huo bustani za Melbourne zimelala kwa baridi, na huko Arua mazao ya mvua za kwanza, zilizoanza mwishoni mwa Machi au Aprili, yako shambani. Msimu wa pili hupandwa Julai na Agosti. Mchango ukikaa benki au mezani mwa kamati hadi Septemba, maharage yatakuwa yameshapandwa kwa mbegu ya mkopo, nao utasubiri hadi Machi.