Khanga imepanda jukwaani, je, pamba yake iko wapi?

Fedha za korosho zikishaingia Nachingwea na Ruangwa, wauza nguo hawachelewi. Lionja, kama ilivyo kwa vijiji vingi vya Lindi, khanga hununuliwa kwa mama aliyejifungua, kwa mwali anayetoka unyagoni, kwa bibi arusi na hata kwa msiba. Mijini nako khanga hiyohiyo imekuwa vazi la maonyesho ya mitindo. Tunaeleza hapa mambo hayo mawili yanakutana wapi, maana katikati yake ipo fedha ya mkulima, na kipo kitambaa ambacho kinabadilika bila mnunuzi kuambiwa.

Tuanze na wabunifu. Mustafa Hassanali, aliyesomea udaktari kabla ya kugeukia mavazi, ndiye mwanzilishi wa Swahili Fashion Week, maonyesho yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2008. Christine Mhando, Mtanzania mwenye chapa ya Chichia London, alijipatia jina Uingereza kwa magauni ya khanga. Kazi hiyo inahitaji mapenzi kweli, kwa sababu khanga haikubali mkasi kirahisi. Kitenge unakata popote, maua yanaendelea. Khanga imepangwa: pindo limezunguka pande zote nne, mji uko katikati, jina limekaa chini ya mji. Ukikata ovyo, gauni linabaki kusema nusu ya neno. Fundi makini hulipeleka pindo chini ya sketi au kwenye mikono, na jina huliacha mgongoni lisomeke. Mafundi cherehani wetu wanaoshona sare za harusi wanalijua hilo, ila wao hakuna anayewapiga picha.

Wengine husema khanga za zamani zote zilikuwa zetu. Si hivyo. Kabla yake wanawake walijifunga kaniki na merikani, na merikani iliitwa hivyo kwa kuwa ilitoka Marekani. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani wakaanza kuunganisha leso, na hapo khanga ikazaliwa. Mombasa, familia ya Kaderdina Hajee Essak imefanya biashara hiyo tangu 1887, na alama yao ya "Mali ya Abdulla" inajulikana hadi leo. Maneno na maua vilikuwa vya Waswahili, lakini uchapaji ulifanyika Uingereza, Uholanzi, India na Japani. Khanga kuchapwa nchini kwa wingi ni jambo lililokuja baada ya uhuru. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilianza kazi Dar es Salaam mwaka 1968, na vingine vikajengwa Mwanza, Musoma na Arusha. Baadaye vingi viliyumba au kufungwa kabisa.

Mkoa wa Lindi una historia yake na pamba. Mwaka 1905, huko Nandete katika nchi ya Wamatumbi, watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Leo pamba inalimwa zaidi Kanda ya Ziwa. Huku kusini kilimo chake kimezuiwa kwa miaka mingi, kwa hofu kwamba funza mwekundu atasambaa hadi kwenye mikoa inayolima. Na hiyo pamba ya Ziwa, sehemu kubwa husafirishwa nje kabla haijawa hata uzi. Anayeuza korosho ghafi hahitaji kuelezwa zaidi.

Serikali za Afrika Mashariki hazikukaa kimya. Ushuru wa pamoja wa Jumuiya ulipoanza mwaka 2005, khanga, kikoi na kitenge ziliwekwa kwenye orodha ya bidhaa nyeti na kutozwa asilimia 50 zikitoka nje ya Jumuiya. Lakini ushuru haumgusi anayepita njia za panya.

Kwa maoni yetu, jukwaa la mitindo linaipa khanga heshima, lakini haliwezi kukiendesha kiwanda. Kiwanda kinaendeshwa na maelfu ya doti zinazonunuliwa vijijini, na huko ndiko poliesta inakoingia ikiwa imechapwa pindo, mji na jina kama khanga ya pamba. Hatumlaumu anayeichagua kwa kujua: hukauka upesi na rangi hukaa. Ila hainyonyi jasho, na joto letu mnalijua. Mtoto akibebwa nayo mchana kutwa huloa mgongo. Ubaya ni kuuziwa poliesta kwa bei ya pamba.

Kuitambua si kazi. Dondoshea tone la maji: pamba hulinywa, poliesta huliacha likitereza. Au mwombe muuzaji akuchomolee nyuzi mbili za pembeni, uzichome mbali na nguo na mbali na watoto. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka, hujikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Ikiwa ni mchanganyiko, utaona vyote viwili. Fanya hivyo kabla hujatoa fedha, na muuzaji akikataa, banda la jirani nalo lina khanga.