Tundu Moja, Umeme Mbalimbali

Hapa Shelui, kwenye barabara kuu itokayo Singida kuelekea Nzega, yupo fundi wa redio na simu ambaye kila adapta imfikiayo mezani huifunga uzi: mwekundu kwa ile ya king'amuzi, yenye volti 12, na mweupe kwa ile ya taa ya sola, yenye volti 5, kwani ncha zao zalingana kwa umbo na kwa unene, na mwenye nyumba akichomeka gizani ile isiyostahiki hukiunguza chombo alichokinunua kwa jasho la msimu mzima wa alizeti. Taksiri hii mimi nawatwika walioviunda vyombo, na mfano wake wa wazi kabisa nauona katika kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980.

ZX81, aliyoitoa Clive Sinclair nchini Uingereza mwaka 1981, iliuzwa kwa bei isiyofika pauni 70, na urakhisi huo ulikuwa neema kwa maelfu ya watu ambao kabla yake hawakuthubutu hata kutamani kompyuta. Lakini ubavuni mwake palitobolewa matundu matatu ya milimita 3.5 yaliyofanana kama mapacha: mawili ya kaseti, la kupokea sauti na la kuitoa, na la tatu, amini usiamini, la umeme wa volti 9. Fauka ya hayo, ukingo wa ubao wa saketi uliachwa wazi kwa nyuma, na hapo ndipo kilipopachikwa kifurushi cha kumbukumbu cha kilobaiti 16 pasipo kishikizo chochote, hata mwandikaji akibonyeza vitufe kwa nguvu kidogo kifurushi hutikisika, na kazi ya usiku kucha hutoweka mbele ya macho yake. Senti chache alizookoa muundaji zililipwa na mnunuzi, tena kwa riba.

Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na dosari ya namna nyingine: adapta zake nyingi zilijazwa gundi ngumu ndani, fundi asiweze kuzifungua, na zilipochakaa zilipeleka umeme kupita kiasi na kuziua chipu za kompyuta yenyewe.

Wala haifai kusema kwamba zama zile hazikuwa na njia bora. Kanuni ya MSX, iliyotangazwa Japani mwaka 1983, iliwafunga waundaji wengi kwa tundu moja la kuchomekea katriji, na ndiyo iliyofuatwa na Sakhr za Kuwait, kompyuta zilizoandika Kiarabu, ambazo jina lao lina maana ya jabali. Washindani walikubaliana juu ya tundu, wakashindana kwa mengine.

Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, kwa hiyo mashine hizo zilitufikia kwa nadra mno. Ila hulka ya waliozibuni imetufikia baadaye, ndani ya ving'amuzi, taa na redio zinazopangwa leo katika maduka ya stendi. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 28 Desemba 2024, umezilazimisha simu mpya zote zichajiwe kwa tundu la USB-C. Sisi tuna Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa mwaka 1975, nami naliomba kwa taadhima lisikipitishe chombo chochote cha umeme mdogo ambacho volti zake, na upande wa chanya na wa hasi, havikuandikwa kando ya tundu lenyewe kwa herufi zisomekazo kwa mwanga wa koroboi; na adapta ifungwe kwa skrubu, isigandishwe kwa gundi, ili fundi wetu aweze kuifungua kwa bisibisi aliyo nayo.