Gare ya Mungbere haiko mbali na shantie yetu

Ndugu wachimbaji, bamama na vijana wa shantie, katika mikutano yetu ya sendika neno moja linarudi kila wiki: bei. Bei ya unga wa muhogo, bei ya maharagi, bei ya mafuta ya ngazi, bei ya simiti. Muchimbaji anatoka na gramu zake, anauza, na kabla jua halijashuka franga zimekwisha mukononi mwa mwenye duka. Wengi wanasema ni roho mbaya ya wafanyabiashara. Hatuko na nia ya kuwatetea, wamoja wao roho mbaya wanayo kweli. Lakini iko fasi moja yenye hakuna mutu anaitaja wakati tunalalamika juu ya bei, na leo tunataka kuitaja: gare ya Mungbere.

Vijana watauliza, gare gani? Sisi wa Bunia hatujaona treni hata siku moja. Ni kweli, na hiyo nayo iko na historia yake. Mwaka 1902 kampuni ya reli ya CFL iliundwa na tajiri Mubelgiji Edouard Empain. Kwenye karatasi, kazi yake ya kwanza ilikuwa kuleta reli toka Stanleyville, njo Kisangani ya leo, mupaka ziwa Albert upande wa Mahagi. Wapimaji wakaingia msituni, wakahesabu, wakaona ni franga nyingi sana. Wakageuza mipango, wakajenga kilometa 125 kwenda Ponthierville, njo Ubundu, na reli ile ikafunguliwa mwaka 1906. Ituri ikabaki na karatasi. Karatasi tunaendelea kupewa mupaka leo.

Kwa hiyo dhahabu ya Kilo, iliyovumbuliwa mwaka 1903 na kuanza kuchimbwa mwaka 1905, ilichimbwa bila reli. Vitu vilipita Uganda, vikavuka ziwa toka Butiaba mupaka Kasenyi ao Mahagi-Port, na mbele ya barabara za magari vilipandishwa milima juu ya vichwa vya watu. Babu zetu njo walikuwa reli. Na chakula cha kambi kilitoka kwa vijiji, kwa lazima, chefu akihesabiwa mizigo ya muhogo na maharagi. Wazee waliotusimulia habari hizi hawakuwa wanacheka.

Treni ilikuja kwa upande mwingine, na haikuja juu ya dhahabu. Ilikuja juu ya pamba ya Uele. Kampuni ya Vicicongo ilianza mwaka 1924 kule Aketi, kwenye bandari ya muto Itimbiri. Ikatengeneza reli polepole: Buta, kisha Paulis, njo Isiro, na mwaka 1937 ikafika Mungbere ikasimama. Ilikuwa reli ndogo, vyuma viwili viliachana kwa sentimeta 60 tu, mutu anaweza kusimama muguu huku na muguu kule. Lakini ndogo ile ilibeba. Mutu wa Léopoldville aliweza kutuma muzigo kwa mashua mupaka Aketi, muzigo ukapanda treni, ukashuka Mungbere, na toka pale camion zikaendelea. Vicicongo yenyewe ilikuwa na camion zake nyingi kwenye barabara za kaskazini-mashariki. Kwa namna hiyo gare moja ya kijiji, katikati ya msitu, ilikuwa mulango wa nyuma wa Kilo na wa Moto. Mulango wa mbele ulikuwa ziwa na Uganda. Nyumba yenye milango mbili, mwenye duka hawezi kukufungia inje.

Hatulilie treni ya wakoloni, tuelewane vizuri. Pamba ile ililimwa kwa lazima, na wenye kuikataa walijua uzito wa fimbo. Tunachosema ni kwamba kazi ya wazee wetu ilibaki pale chini, chuma kwa chuma, na ilikuwa mali yetu. Mwaka 1974 reli iliingizwa ndani ya SNCZ, na katika miaka ile ya 1970 ilisukumwa mupaka Bumba ili ifikie muto mukubwa. Halafu pamba ikakufa, kahawa ikaanguka, ikaja pillage ya 1991 na ya 1993, ikaja vita ya 1996 na ya 1998. Yenye kubaki munaijua.

Kiangazi kilichopita wenzetu wawili walitoka kwa mazishi Isiro, wakarudi kwa njia ya Mungbere. Walikuta nyasi juu ya reli, na miti yenye mutu hawezi kuikata kwa panga. Mutu mugonjwa bado anakuja toka mbali juu ya hospitali ya wamisionari Wakomboni, lakini anakuja kwa moto ao kwa kinga. Walikutana na muzee mumoja aliyefanya kazi ya treni. Aliwatajia magare yote toka Mungbere mupaka Aketi, moja moja, bila kukosea, kama mutu anayesali rozari. Lakini mbele ya kuwasalimia aliwauliza: “Muko watu wa kununua chuma?” Swali lile wenzetu walirudi nalo Bunia, na limetukaa ndani.

Kwa njia ya Isiro na Buta leo, mutu anasukuma kinga yenye mabido ya mafuta ya ngazi, siku kwa siku, akilala njiani. Kinga moja inabeba kilo mia moja na kitu. Vagoni moja ya reli ndogo ilibeba matani. Fanya hesabu mwenyewe, utaona sahani yako inakula wapi.

Wako wenye kutuambia: madini itajenga reli. Sisi watu wa madini tunasema hapana, na tunaomba mutusikilize vizuri. Dhahabu haihitaji treni. Muangalie mugodi mukubwa wa Kibali, kule Doko, katika teritware ile ile ya Watsa yenye Mungbere iko ndani. Ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013, na kwa miaka mingi umetoa zaidi ya tani 20 kwa mwaka. Tani 20 ni camion moja, hata mbili tuseme. Dhahabu inapanda ndege na kwenda. Mashini zao zinakuja kwa barabara toka Uganda, zinapita Aru, na inawatosha. Pamba ilihitaji treni kwa sababu ni nzito na bei yake ni ndogo. Leo kitu kizito chenye bei ndogo katika inchi yetu ni chakula cha muchimbaji, na chakula hakina mutu wa kukitetea Kinshasa.

Franga ziko lakini. Code minier ya 2018 inasema redevance inagawanywa: 50 kwa mia kwa serikali kuu, 25 kwa provense, 15 kwa sekta ao shefferi yenye mugodi iko ndani, 10 kwa mufuko wa vizazi vinavyokuja. Na kampuni inapashwa kuweka tena 0,3 kwa mia ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Tunaona franga hizo zikizaa nini? Ofisi mupya, jeep, pavillon yenye haina dawa. Tangu mwaka 2015, wakati Province Orientale ilikatwa, Mungbere ni ya Haut-Uele na sisi ni wa Ituri, na kila mukubwa anasema gare ile ni ya mwenzake. Mutu mwenye njaa hajui mupaka wa provense.

Hatuombe treni ya mwendo kasi. Tunajua hali ya usalama. Tangu Mei 2021 tuko katika état de siège, na barabara nyingi mutu anazipita akiomba Mungu. Lakini barabara ya Mambasa, Nduye mupaka Mungbere inaweza kutengenezwa kwa sehemu ya redevance za provense mbili zikikaa meza moja. Vyuma vya reli vinaweza kuhesabiwa na kuandikwa mbele havijageuka bido za chuma chakavu, na ruhusa ya kuving'oa isitolewe na mutu mumoja peke yake ofisini. Na wazee wale wa treni waulizwe wakingali hai, wanajua madaraja yote na fasi maji inapopita.

Barua yenye maneno haya tumeiandika kwa magavana wote wawili. Wajumbe wa kila shantie wapite kwenye ofisi ya sendika kutia sahihi mbele ya mwisho wa mwezi, na wenye wazazi waliofanya kazi Vicicongo ao SNCZ walete majina yao.