Shingo ya Kizazi Ni Kitu Gani?

Juma hili twajibu swali la mama mmoja wa Alunguli, hapa Kindu. Anasema kwamba binti wa ndugu yake alikuwa katika uchungu wa mimba yake ya kwanza. Mchana ulipita, usiku ukapita, na mtoto hakutoka. Mkunga akasema, “Mlango ungali umefungwa.” Neno hilo lilipofika masikioni mwa wazee waliokaa nje, wao walilifahamu kwa namna yao. Wakasema mlango haufungwi bure. Bila shaka msichana amemficha bwana wake jambo, naye amtaje mwanamume huyo ili njia ifunguke. Binti akalia kwa maumivu ya tumbo na kwa maumivu ya aibu. Kulipokucha ndugu zake walimtia katika mtumbwi, wakavuka Lualaba, naye akapasuliwa hospitalini. Yeye yu hai, mtoto hakupona. Mama anauliza: “Mlango huo ni mlango gani, na nani aufungaye?”

Swali hili halifai kujibiwa kwa minong'ono. Watoto wa masomo nao wasome bila haya, maana wavulana wa leo ndio mabwana wa kesho watakaosimama nje ya nyumba hiyo.

Tuanze na jina. Kwa Kiswahili kiungo hiki kina majina mawili: mlango wa kizazi na shingo ya kizazi. Warumi wa kale walikiita cervix, nalo ni neno lao la shingo tu, shingo ya mtu au ya ng'ombe. Kifaransa cha hospitali zetu kimefuata njia hiyohiyo, kikasema col. Ndiyo sababu mwanafunzi akutanaye na neno “cervical” katika kitabu hana budi kutazama kwanza kama mwandishi anasema juu ya kizazi au juu ya ile mifupa 7 ya shingo inayobeba kichwa. Mimi napenda jina la shingo kuliko la mlango. Mlango huwafanya watu wamtafute mwenye ufunguo. Shingo haina ufunguo.

Sasa tuone umbo lake. Chukua kibuyu kidogo cha mawese, ukigeuze, shingo iwe chini. Hivyo ndivyo kizazi kilivyo ndani ya mama: tumbo la kibuyu liko juu, shingo iko chini, mbele yake kibofu cha mkojo, nyuma yake utumbo wa mwisho. Kwa mwanamke asiye na mimba kizazi chote huwa na urefu wa sentimeta 7 au 8, na katika hizo shingo ni kama sentimeta 3. Sehemu ya chini ya shingo huingia katika uke, nayo ndiyo kidole cha mkunga huifikia. Kwa asiye na mimba shingo huwa ngumu kidogo, kama ncha ya pua. Mwenye mimba yake hulainika kama mdomo. Kila msomaji aweza kugusa pua yake na mdomo wake, ataelewa mara moja. Katikati yake mna tundu. Kwa mwanamke ambaye hajazaa bado tundu hilo ni dogo na la mviringo. Kwa aliyekwisha kuzaa huwa kama mstari, mfano wa mdomo uliofumbwa.

Lakini jambo kubwa ni nyama yenyewe. Sehemu ya juu ya kizazi ni misuli mingi yenye nguvu. Shingo sivyo: misuli yake ni michache, na sehemu yake kubwa ni nyuzi ngumu zilizofumwa pamoja kama kamba. Tena haitii amri ya mtu. Mwanamke aweza kufumba macho akitaka, aweza kufunga ngumi. Lakini hakuna awezaye kuifunga wala kuifungua shingo ya kizazi kwa mapenzi yake, awe mwaminifu au asiwe. Jina likitajwa au lisitajwe, nyuzi zile hazisikii.

Kwa kawaida shingo hiyo hufanya kazi ya ulinzi. Ndani yake mna tezi zitoazo ute. Siku nyingi za mwezi ute huo ni mzito, nao huzuia vijidudu visipande. Siku chache karibu na kutoka kwa yai hugeuka: huwa mwepesi, mwangavu, wa kuvutika kama ute wa yai la kuku, na hapo mbegu ya mwanamume hupata njia. Daktari John Billings wa Melbourne, Australia, alianza kazi yake mwaka 1953 akichunguza alama hizo pamoja na watu wa ndoa. Baadaye mke wake, Daktari Evelyn Billings, akaungana naye, na njia hiyo ingali inafundishwa katika parokia nyingi kwa jina lao. Huenda wengi waifuatao hawajui kwamba ute wanaoutazama hutoka katika shingo hii tunayoisimulia.

Mimba ikiingia, ute hukusanyika ukawa kizibo kizito, nacho huziba tundu miezi yote. Siku za kuzaa zikikaribia, kizibo hicho hutoka, pengine pamoja na damu kidogo. Mama asiogope kwa alama hiyo. Lakini damu ikiwa nyingi, au ikitoka kabla ya wakati wake, hiyo ni habari nyingine, na aende hospitali saa ileile.

Je, shingo hufungukaje? Umewahi kumvika mtoto fulana yenye ukosi mwembamba. Kichwa hushuka, ukosi hupanda na kutanuka, mpaka kichwa kikapita. Ndivyo ilivyo. Kila uchungu ujapo, misuli ya juu ya kizazi hujikaza na kuivuta shingo kuelekea juu, na kichwa cha mtoto huigandamiza kutoka ndani. Kwa mimba ya kwanza shingo kwanza hufupika na kuwa nyembamba, kisha hufunguka. Kwa mama aliyezaa mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja. Mkunga hupima kwa vidole: sentimeta 2, 4, 6, mpaka 10. Zikifika 10, shingo haipatikani tena kwa kidole. Njia imekuwa moja. Hapo ndipo mama asukume.

Kabla ya hapo asilazimishwe kusukuma. Nyumba ikijaa shangazi wapigao kelele “Sukuma! Sukuma!”, na shingo ingali sentimeta 6, nguvu za mama zapotea bure, shingo hubanwa kati ya kichwa na mfupa, huvimba, na pengine hupasuka. Hatari zaidi ni dawa za miti za kuongeza uchungu, na sindano za namna hiyo zinazochomwa na watu wasio na ujuzi. Kizazi kikikazwa kwa nguvu na mtoto hana mahali pa kupita, kizazi chenyewe chaweza kupasuka, na mama akatokwa na damu ndani hata kufa.

Kwa nini basi kwa wengine shingo hukawia? Pengine uchungu ni dhaifu. Pengine kichwa ni kikubwa, au kimekaa vibaya, au mifupa ya nyonga ni myembamba, hasa kwa msichana aliyeolewa kabla mwili wake haujakomaa. Kichwa kikizuiwa na mfupa, hakishuki. Kisiposhuka, hakiigandamizi shingo. Nayo isipogandamizwa hufunguka polepole au husimama. Wazee walikuwa na haki kusema kwamba kuna kizuizi. Walikosea mahali kilipo.

Waganga nao walichukua miaka mingi kujua ni lini kukawia kunakuwa hatari. Mwaka 1954 Daktari Emanuel Friedman wa Marekani aliandika kwa mchoro jinsi shingo inavyofunguka saa kwa saa. Mwaka 1972 waganga wawili, Philpott na Castle, waliofanya kazi Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe, waliongeza mistari miwili juu ya mchoro huo: mmoja wa kuonya, na mwingine wa kutenda, saa 4 baada yake. Walifanya hivyo kwa ajili ya wakunga waliokuwa peke yao, mbali na hospitali kubwa, ili wajue ni saa ngapi ya kumsafirisha mama. Ni karatasi moja tu, lakini ilizaliwa katika Afrika kwa shida ya Afrika. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa karatasi mpya, likaeleza kwamba uchungu wenye nguvu huhesabiwa tangu sentimeta 5, na kwamba si kila mama hufunguka sentimeta moja kwa saa. Basi kukawia peke yake si ugonjwa. Mkunga aliyesoma hutazama shingo, kichwa, moyo wa mtoto na nguvu za mama pamoja.

Kwa mtu wa Alunguli hesabu ya saa ina jambo moja zaidi: maji. Kutafuta mwenye mtumbwi usiku, kuteremka mpaka ukingoni, kuvuka mpaka ng'ambo ya Kasuku, yote hayo hula wakati. Saa zilizotumika kumhoji yule binti zilikuwa saa za mtumbwi. Tena si mtoto tu aliyekuwa hatarini. Kichwa kikikwama muda mrefu, nyama iliyo kati ya kibofu na uke hufa, hutoboka, na mkojo hutoka bila kukoma. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, alikuwa kwanza mganga kijana katika hospitali ya Lemera, Kivu ya Kusini. Shida za mama waliofika huko wakiwa wamechelewa katika uzazi ndizo zilizomfanya aende Angers, Ufaransa, kusomea uganga wa wanawake.

Kuna ugonjwa mmoja wa shingo hii ambao haungoji mimba, nao ni kansa. Huanza mahali ambapo ngozi ngumu ya nje hukutana na ngozi laini ya ndani, na karibu kila mara huletwa na virusi viambukizwavyo katika tendo la ndoa. Mjerumani Harald zur Hausen alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2008 kwa kuvigundua. Kwa kawaida ugonjwa huchukua miaka 15 au 20 kukua, na siku za mwanzo hauumi. Damu itokayo baada ya tendo la ndoa, au kati ya mwezi na mwezi, au baada ya damu ya mwezi kukoma kwa uzee, isiitwe “damu ya zamani inayosafishwa”. Mkunga aliyefundishwa aweza kuipaka shingo maji ya siki na kuitazama. Mahali penye mabadiliko hugeuka peupe. Wanawake waliotimiza miaka 30 na waombe kutazamwa hivyo, na wenye virusi vya ukimwi tangu miaka 25. Kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kuna chanjo. Jirani zetu wa Rwanda walianza kuitoa nchi nzima mwaka 2011.

Mwisho wa barua mama anauliza kama mlango ule hufungwa tena baada ya kuzaa. Ndiyo. Siku za kwanza shingo huwa wazi na laini, kisha hujikusanya, na baada ya juma 6 hivi imekwisha kurudi, ila lile tundu halitakuwa tena la mviringo. Na binti wa ndugu yake, kwa kuwa kizazi chake sasa kina kovu la kisu, mimba ijayo ahamie ng'ambo ya hospitali kabla mwezi wa 9 haujaisha, uchungu usimkute upande huu wa maji.